Gary Gygax, mutu aliyefundisha dunia kucheza kushuka mu shimo

Mara mingi baba anarudi asubuhi ku poste ya usiku na anakuta kijana wake bado macho, ameikala mbele ya ordinatere, yaani kompyuta. Pa kioo kuna watu wadogo sita wamesimama mu giza, mu njia ya mawe. Kijana hawasukume mbio. Anawaza muda murefu, anasogeza mumoja hatua mbili, kisha anawaza tena. Baba anakasirika, anaona ni kupoteza usingizi na umeme bule.

Leo hatutaki kuhukumu baba wala kijana. Tunataka kuwaelezea maisha ya mutu ambaye muchezo ule ulitoka mu mikono yake. Jina lake ni Ernest Gary Gygax, Mwamerika, aliyekufa mwaka wa 2008. Alipoteza kazi akiwa na watoto watano, akatengeneza viatu vya watu chini ya nyumba yake, na mu ile fasi ya chini akatosha kitu kilichojulikana dunia nzima. Kisha kikamutoka mu mikono. Mutu wa mugoti atasikia habari hii kuliko wengine, kwani yote ni habari ya kushuka, kubeba na kupanda.

UTOTO WAKE

Gary alizaliwa siku ya 27 ya mwezi wa saba, mwaka wa 1938, mu muji wa Chicago. Baba yake alikuwa mutu wa Uswisi aliyehamia Marekani, na kazi yake ilikuwa kupiga fidla mu orkestra kubwa ya Chicago. Mwaka wa 1946 jamaa yote ikahamia Lake Geneva, muji mudogo wa jimbo la Wisconsin, pembeni ya ziwa. Ndipo jamaa ya mama yake ilikuwa inaikala.

Baba alikuwa anamuelezea hadithi za walozi, majitu na mashujaa wa panga mbele ya kulala. Mutoto akapenda hadithi zile sana, akaanza kuzitafuta mwenyewe mu vitabu vya bei kidogo. Alijifunza sataranji pia angali mudogo. Tena pale Lake Geneva kulikuwa hospitali ya zamani iliyoachwa, na chini yake njia za kupita mu udongo. Gary na wenzake walikuwa wanaingia mule kwa siri. Mutu aliyepita mu njia ya chini angali mutoto, ile giza haimutoke mu kichwa.

Lakini ku masomo hakuwa mutu wa kusifiwa. Baba yake alikufa 1956, na Gary akaacha sekondere mbele ya kumaliza. Aliingia mu jeshi la Marine, ugonjwa wa mapafu ukamurudisha nyumbani. Mwaka wa 1958 akaoa Mary Jo Powell, na kidogo kidogo nyumba ikajaa watoto watano. Juu ya kuwalisha, alitumika mu ofisi ya asiranse mu Chicago. Kazi yake ilikuwa kupima hatari: mutu huyu anaomba asiranse, je, bahati yake ya kupata musiba ni ngapi? Kila siku Gary alikuwa anageuza hatari kuwa namba. Ile akili ilikuja kumusaidia.

MUKE ANAMUFUATA

Ile wakati kulikuwa mu Marekani michezo ya vita, ya kucheza pa meza, na ramani na vipande vidogo vya karatasi mu fasi ya askari. Mumoja ulihusu vita vya Gettysburg vya 1863. Gary aliupenda mupaka akasahau saa. Usiku hakuwa anarudi nyumbani mapema. Mary Jo, aliyekuwa na mimba ya mutoto wa pili, akaanza kuwaza kama bwana yake ana mwanamuke mwingine. Siku moja akamufuata mupaka ku nyumba ya rafiki, akashuka chini kwa hasira. Alikuta nini? Wanaume wameinama juu ya ramani. Tunazani wamama wengi wanaosoma habari hii wanajua kama hasira ya siku ile haikuisha kwa sababu ya ramani.

Mwaka wa 1968 Gary alikodi nyumba moja ya mikutano mu Lake Geneva kwa dola 50, akaita wapenzi wa michezo ya vita watoke kila fasi, waje kucheza pamoja. Mukutano ule, unaoitwa Gen Con, unaendelea mupaka leo kila mwaka, na sasa watu ni makumi ya maelfu.

KUPOTEZA KAZI

Mwezi wa kumi wa 1970, kisha kutumika karibu miaka tisa mu ofisi ya asiranse, Gary alipoteza kazi. Watoto watano, muke, na mushahara hakuna. Kila mutu aliyeona jina lake likitoshwa ku liste ya kampuni anajua asubuhi ya kesho yake iko namna gani.

Gary akajifunza kutengeneza viatu. Aliweka vyombo vyake chini ya nyumba, watu wakamuletea viatu vilivyopasuka. Pembeni alikuwa anaandika sheria za michezo kwa kampuni ndogo moja, kwa feza kidogo sana. Mwaka wa 1971 yeye na Jeff Perren wakatosha kitabu cha vita vya zamani vya panga na farasi, kinachoitwa Chainmail. Mwisho wa kitabu Gary aliongeza kurasa za walozi, majoka na majitu. Wengine walimuchekelea. Kumbe mbegu yote ilikuwa mule.

Ile kitabu kikafika mu mikono ya kijana wa jimbo la Minnesota, Dave Arneson. Na hapa tuseme vizuri, juu ya haki. Mawazo makubwa mawili ya muchezo ule yalitoka kwa Arneson na wenzake. La kwanza: kila mucheza asiongoze tena jeshi zima, aongoze mutu mumoja tu, mwenye jina, na mutu yule aendelee kuishi toka muchezo wa leo mupaka wa kesho, akikomaa. La pili: watu wale washuke chini ya nyumba ya mufalme, mu njia za giza. Mwisho wa 1972 Arneson alikuja Lake Geneva na akaonyesha Gary muchezo wake. Gary hakuweza tena kulala vizuri.

KISANDUKU CHA SHABA

Palepale Gary akachora mashimo yake, chini ya nyumba ya mufalme aliyoiita Greyhawk. Wa kwanza kushuka walikuwa watoto wake wawili wakubwa, mvulana na musichana, pa meza ya nyumbani. Wakapigana na wadudu wakubwa, wakashinda, na wakakuta hazina ya kwanza ya muchezo ule: kisanduku chenye vipande 3,000 vya shaba.

Ndiyo, shaba. Watoto wakafurahi, kisha wakaona kama kisanduku kile ni kizito, hawana nguvu ya kukipandisha. Wakakasirika sana. Hazina iko pale, macho inaiona, mikono inaishika, lakini njia ya kupanda ni ndefu.

Gary angeweza kuwahurumia, akasema vipande vile ni vya zahabu na ni vyepesi. Hakufanya hivyo. Shaba ni shaba, na uzito wake ni uzito wake. Hapo ndipo muchezo wake ulipata nguvu. Usiku ule watoto wakaenda kulala, na baba akaikala kuchora shimo la pili, chini ya lile la kwanza.

SHERIA ZA CHINI

Tueleze kidogo ginsi unavyochezwa, kwani wazazi wengi wanauona paka kwa mbali. Watu wanaikala pa meza. Mumoja ni musimamizi: yeye peke yake anajua ramani ya shimo na kinachojificha mule. Wengine ni ekipi. Mumoja ni askari wa panga, mwingine mulozi, mwingine kuhani anayeponya vidonda, mwingine mwizi anayefungua vifungo. Wanasema wanachotaka kufanya, musimamizi anajibu kinachofuata, na kama kuna bahati ndani yake wanatupa kete. Ni ile asiranse ya zamani: hatari imegeuka namba.

Kabla ya kushuka, ekipi inanunua vyombo, na feza haitoshe kamwe. Kamba, misumari ya chuma, muti murefu wa kupimia njia mbele, mafuta ya taa. Kimuli kinawaka saa moja tu. Taa ya mafuta inadumu zaidi, lakini mafuta nayo ni muzigo. Asiyehesabu mwangaza wa kurudi atabakia mu giza. Kati ya mataifa ya hadithi kuna watu wafupi wenye ndevu, watu wa milima, na hawa Gary aliwapa akili ya mutu wa mugoti: wanaweza kutambua kama njia inainama chini, kama ukuta unasogea, kama jiwe limejengwa juzijuzi. Ekipi isiyo na mumoja wao inatembea sawa kipofu.

Tena kuna sheria hii. Mu ile wakati ya kwanza, mutu hakukomaa sana kwa kuua nyama wakali. Alikomaa zaidi kwa hazina aliyoifikisha juu. Ile iliyobakia chini haikuhesabiwa. Basi ekipi ya akili ilikuwa inaepuka vita, inazunguka, inadanganya, inakimbia, kisha inapanda na muzigo. Wapumbavu walipigana na kila kitu, na wakafa. Na kufa kulikuwa kufa: karatasi ya mutu wako inapasuliwa, unaanza upya na mutu muzaifu. Gary mwenyewe alitengeneza kaburi moja la mitego, Tomb of Horrors, mwaka wa 1975, juu ya kunyenyekesha wale waliojiona hawashindwe. Ekipi mingi zilimalizika mule.

KITABU KINATOKA

Gary aliandika sheria zote, akazipelekea kampuni kubwa ya michezo. Wakakataa. Basi mwezi wa kumi wa 1973 yeye na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, wakaanzisha kampuni yao, TSR. Kaye alikopa dola 1,000 juu ya asiranse ya maisha yake. Feza haikutosha bado, ndipo Brian Blume akaingia na dola 2,000, na yeye akawa mwenzao wa tatu.

Mwezi wa kwanza wa 1974 wakatosha Dungeons & Dragons, maana yake ni kama Mashimo na Majoka: vitabu vitatu vidogo mu kisanduku kimoja, majina ya Gygax na Arneson juu yake. Walichapisha visanduku 1,000, wakavipanga kwa mikono nyumbani. Kila kimoja dola 10. Kabla ya mwaka mwingine kwenda mbali, vyote vilikuwa vimeisha.

Toka pale kampuni ikapanda sawa moshi. Muchezo uliingia mu masomo, mu kambi za askari, mu nyumba za watu. Ilikuja hata hofu: mu miaka ya 1980 wakristo wengi wa Marekani walisema ni muchezo wa shetani, sababu ya walozi na mapepo waliochorwa mule. Gary alijitetea mu televizio, akisema ni hadithi za kucheza, si dini. Hofu ile ilipunguka na wakati.

KUGAWANYA HAZINA

Lakini tumefika pa fasi nzito. Ekipi yenye akili inapatana mbele ya kushuka: nani anapata nini. Gary, mutu wa kuandika sheria za kila kitu, ku jambo hili hakujilinda.

Kwanza Don Kaye. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa kwanza wa 1975, hajafika miaka 40. Hawakuwa wamepanga mapema sehemu yake itaendaje. Ikapita kwa muke wake, ambaye hakutaka kuendelea na kazi ile. Ili kununua sehemu ile ilihitaji feza, na Gary hakuwa nayo. Baba ya Brian Blume ndiye aliyeweka feza, na toka siku ile jamaa ya Blume ikawa na sehemu kubwa kuliko ya Gary. Jina lilikuwa lake, kazi ilikuwa yake, lakini uzito wa karatasi ulikuwa upande mwingine.

Pili, Arneson. Wakati muchezo ulitoka upya mu vitabu vikubwa, jina la Gary likabakia peke yake juu ya vitabu, na Arneson akaona feza zake zinapunguka. Mwaka wa 1979 akashitaki. Walipatana 1981, lakini urafiki ulikuwa umevunjika. Kwa hili hatuwezi kumusafisha Gary. Yeye aliyeona uchungu wa kunyimwa, alimufanyia mwenzake sawasawa.

Tatu, nyumba yenyewe. Mwaka wa 1983 yeye na Mary Jo wakaachana, na Gary akaenda kuikala California, juu ya kutengeneza filme ya katuni ya muchezo wake kwa televizio. Kule maisha ilikuwa tamu. Kule Lake Geneva kampuni ilikuwa inatosha feza bila kuhesabu. Aliporudi, alikuta deni lililopita milioni moja ya dola. Akapigana kuiokoa, akaandika vitabu vipya vilivyouzwa vizuri, lakini mwaka wa 1985 jamaa ya Blume ikauza sehemu yake kwa Lorraine Williams, ambaye yeye mwenyewe Gary alikuwa amemuingiza mu kampuni kusaidia. Gary akaenda mbele ya tribinali. Akashindwa. Miaka 13 kisha kuianzisha, akatoka mu kampuni yake.

Kile kisanduku cha shaba kilimurudilia. Hazina iliyomushinda kupandisha.

SHIMO LINAINGIA MU ORDINATERE

Hata hivyo kitu alichokitengeneza hakikuwa tena mu mikono ya mwenye kampuni yoyote. Tangu 1975, mwaka mumoja tu kisha kisanduku cha kwanza, wanafunzi wa universite mu jimbo la Illinois walikuwa wanaandika mashimo sawa yale mu ordinatere kubwa za masomo. Mwaka wa 1981 ukatokea Wizardry, kazi ya vijana wawili, Andrew Greenberg na Robert Woodhead: ekipi ya watu sita, mashimo kumi, moja chini ya lingine. Mucheza alichora ramani mwenyewe kwa kalamu. Na kama ekipi yote ilikufa chini, miili ilibakia kule. Ulipaswa kukomaza ekipi nyingine, uitume ishuke kutafuta wafu na kuwapandisha. Hapa wasomaji wetu hawahitaji maelezo.

Mwaka wa 1988 ulikuja Pool of Radiance, wenye sheria za Gygax kabisa, vita vya hatua kwa hatua juu ya viraka vya mraba. Na 2003 ikatoka The Temple of Elemental Evil, iliyotengenezwa kutoka vitabu ambavyo Gary alianza 1979 na kumaliza 1985 pamoja na Frank Mentzer. Wapenzi wa michezo migumu wangali wanaucheza. Unaanza mu kijiji cha Hommlet na watu watano wazaifu. Unatoka kwa kiburi, unafika pa nyumba iliyobomoka kati ya maji, na vyura vikubwa vinaweza kumaliza ekipi yako yote mbele ya kuona adui wa kweli.

Anayeshinda anafanya nini? Anasimamisha wenye nguvu mu mulango mwembamba, adui waje mumoja mumoja. Hamuache mulozi peke yake nyuma. Hageuzie adui mugongo, kwani atapigwa akiondoka. Anachunga dawa ya kuponya kwa kurudi, hatumie yote kwa kwenda. Na akiona ekipi imechoka, anapanda juu, hata kama mulango unaofuata unangaa. Kuna hata njia moja ya kucheza ambamo huwezi kurudisha kosa nyuma: uliyempoteza umempoteza.

MWISHO WAKE

Gary alioa tena 1987, Gail Carpenter, wakapata mutoto mwanaume. Aliandika michezo mingine na vitabu vya hadithi. Hakuna kilichofika kimo cha kile cha kwanza. Mwaka wa 1997 TSR yenyewe, imelemewa na deni, ikanunuliwa na kampuni nyingine. Mwaka wa 2004 Gary alipigwa na kiharusi. Akabakia mu Lake Geneva, mutu wa ndevu nyeupe, na kila aliyetaka kucheza naye alipata kiti. Mupaka karibu na kufa alikuwa anapokea watu nyumbani, anafungua ramani, anauliza nani anabeba taa.

Alikufa siku ya 4 ya mwezi wa tatu, 2008, na miaka 69. Dave Arneson alimufuata mwaka uliofuata. Watu waliokuja kumulilia walikaa pa meza wakacheza, na toka pale wanakutana kila mwaka mu Lake Geneva kwa ukumbusho wake.

Basi, baba, asubuhi ukikuta kijana macho mbele ya kioo, mutume alale, ni haki yako. Lakini mbele ya kuzima, ikala kidogo pembeni yake. Muulize nani anatangulia, nani anabeba kamba, mafuta inabakia ngapi, na hazina mutaigawanya namna gani mukifika juu. Maswali matatu ya kwanza Gary Gygax alifundisha dunia nzima kujiuliza. La ine alisahau kujiuliza mwenyewe, na ndilo lililomutosha mu nyumba yake.